Rabuor na kikapu cha Mwalimu: kisa cha mbwa mwenye baridi yabisi, Kisumu

Rabuor ni mbwa dume wa miaka 9, chotara wa mbwa wa Kijerumani na mbwa wetu wa mtaani, mwenye manyoya ya hudhurungi yaliyompa jina lake. Anaishi Mamboleo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, na mwenyewe ni mama mmoja aliyestaafu ualimu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti moja tu, kwamba nisimwonyeshe kama mtu asiyejali mnyama wake. Sharti hilo ni jepesi kulitimiza. Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo nimeona watu wachache wanaojali kama yeye, na kosa la kwanza katika kisa hiki nililifanya mimi.

Tulijuana kwa sababu ya nyonga. Miezi 7 kabla ya haya ninayoyaeleza, aliniletea Rabuor akiburuta mguu wa nyuma wa kulia. Asubuhi alikuwa akiinuka kwa taabu, akishatembea kidogo anachangamka, jioni anachechemea tena. Eksirei ilionyesha nyonga zote mbili zimelika, ya kulia zaidi. Hiyo ndiyo baridi yabisi ya mbwa wakubwa: gegedu linachakaa, mfupa unasuguana na mfupa, na hakuna dawa ya kulirudisha gegedu lililokwisha. Unachoweza kufanya ni kupunguza maumivu, kumpunguzia mnyama uzito na kuilinda misuli isisinyae. Rabuor alikuwa na kilo 31, na umbo lake lilihitaji 26 au 27. Nikamwandikia meloksikamu ya maji, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, nikamwambia Mwalimu apunguze ugali, nikampangia arudi baada ya mwezi. Hakurudi, nami sikumpigia simu.

Aliporudi ilikuwa Jumatatu, na mbwa alikuwa amelazwa sakafuni mwa tuktuk juu ya leso. Hakuweza kusimama. Nilipoinua mdomo nikakuta fizi zimepauka kabisa, hazina tofauti na rangi ya meno. Moyo ulikuwa unapiga mbio. Tulipombeba kuingia ndani alijikojolea, na mkojo ulikuwa wa rangi ya turungi.

Daktari yeyote wa huku akiona mkojo wa namna hiyo anafikiria babesia, yule mdudu anayeletwa na kupe na kupasua chembe nyekundu za damu. Kisumu kuna joto mwaka mzima, na kupe wa kahawia anayependa mbwa huzaliana hadi kwenye nyufa za kuta za nyumba. Nilimpata kupe mmoja nyuma ya sikio la Rabuor, na mwingine kati ya vidole. Kwangu ikawa imetosha. Nikamdunga imidokabu, dawa ya babesia, miligramu 6.6 kwa kila kilo ya uzito, nikamwekea maji ya mshipa. Akatoa mate mengi na kutapika, jambo linalojulikana kwa dawa hiyo. Nilipima kiasi cha chembe nyekundu nikapata asilimia 19. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55.

Kupaka tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi na kulitazama kwa hadubini ni kazi ya dakika 15. Sikuifanya siku ile. Nje kulikuwa na watu sita wakingoja, nami nilijiona nimeshajua ugonjwa.

Babesia ikipigwa sindano yake, kwa kawaida mbwa huanza kuonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili. Kufika Alhamisi Rabuor alikuwa ameshuka hadi asilimia 16. Hapo ndipo nilipoketi kwenye hadubini. Nilitafuta babesia kioo kizima, nikarudia kioo cha pili, sikuona hata moja. Nilichoona ni chembe nyekundu nyingi zilizoota kinundu kidogo pembeni, kama embe lenye jicho. Nilipotia damu nyingine rangi ya bluu ya methilini, vile vinundu vikajitokeza vya bluu iliyoiva, kimoja kimoja, kwenye karibu theluthi ya chembe. Hivyo ni vinundu vya Heinz, vilivyopewa jina la daktari Mjerumani Robert Heinz aliyevieleza mwaka 1890. Huonekana himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, inapoharibiwa na sumu inayoiunguza, mithili ya kutu inavyokula chuma. Mwili ukiziona chembe zenye vinundu unazivunja. Babesia haisababishi picha ile. Kwa mbwa, kinachoisababisha mara nyingi ni chakula au dawa.

Nikamwita Mwalimu ndani, nikafunga mlango.

"Mwalimu, nyumbani Rabuor anakula nini?"

"Ugali, omena, na supu ya maini."

"Kwenye supu unatia nini?"

Akaangalia mikono yake. Halafu akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "usinigombeze."

Akanieleza kwamba miaka ya nyuma alikuwa na mbwa mwingine mwenye upele, akampeleka kwa daktari mmoja, akataja kwamba alikuwa amemwosha kwa mwarobaini. Alikemewa mbele ya watu, akaambiwa mbwa si mgonjwa wa waganga. Tangu siku hiyo hajawahi kumtajia daktari jani lolote. Na mimi, kwa miezi 7, sikuwa nimemuuliza. Karatasi yangu ya mgonjwa ilikuwa na nafasi ya umri, uzito, chanjo na dawa ya minyoo. Ya sufuria ilikosa.

Alipanda boda boda hadi nyumbani na kurudi na kikapu. Alitoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya meza yangu: vichwa vya kitunguu saumu, kopo la manjano, shada la majani makavu ya mwarobaini lililofungwa kwa uzi, na kikaratasi cha gazeti chenye unga wa kahawia. Pembeni akaweka chupa ya meloksikamu niliyompa mimi, ikiwa imebaki robo. Aliiacha, akasema, kwa sababu Rabuor alitapika mara mbili. Alikuwa akimpa alfajiri, tumbo likiwa tupu. Sikumbuki kama nilimwambia ampe pamoja na chakula.

Nilianza na saumu, kwa kuwa jibu lilikuwa hapo. Alikuwa ametumiwa video kwenye kundi la WhatsApp, mtu akisema saumu husafisha damu ya mbwa, hufukuza kupe na kutoa uvimbe kwenye viungo. Kwa mwenye mbwa anayechechemea na kushikwa na kupe, hilo ni jibu la shida mbili kwa shilingi chache. Alianza na punje tatu. Mguu haukubadilika, akaongeza. Wiki tatu za mwisho ilikuwa vichwa viwili kila siku, vimetwangwa na kukaangwa na kitunguu maji kabla ya kutiwa kwenye supu. Niliweka kichwa kimoja kwenye mizani, kikawa gramu 46. Viwili ni 92, na kwa mbwa wa kilo 31 hiyo ni karibu gramu 3 kwa kila kilo, kila siku, ukiacha kitunguu maji ambacho nacho kina sumu ya namna ile ile. Kuna jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2000 ambapo mbwa walipewa dondoo ya saumu sawa na gramu 5 kwa kilo kwa siku 7, na chembe zao nyekundu zikaharibika. Kipimo cha Mwalimu kilikuwa kidogo kuliko hicho, lakini siku zake zilikuwa mara tatu.

Aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: mbona sisi tunakula saumu tangu tuzaliwe? Nilimchorea himoglobini kwenye karatasi. Molekuli hiyo ina sehemu zinazoshambuliwa kwa urahisi na kemikali za saumu. Kwa wanyama wengi na binadamu, sehemu hizo ni 2. Kwa mbwa ni 4. Kwa paka ni 8, ndiyo maana paka huumia kwa kitunguu kidogo zaidi. Tena chembe nyekundu za mbwa zina upungufu wa kimeng'enya kinachotusaidia sisi kujikinga. Mwalimu alifundisha sayansi darasa la saba na la nane kwa miaka mingi. Aliitazama ile michoro, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Ule unga wa kahawia ulinitia wasiwasi wa namna nyingine. Aliununua kwa mtu aliyekuwa akiuza stendi ya matatu, "dawa ya mifupa" ya watu na wanyama, isiyo na jina wala lebo. Alimpa Rabuor wiki moja, na siku ya tatu mbwa alikuwa anakimbia hadi langoni. Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa sifa ya dawa. Kwangu mimi nafuu ya kasi hiyo, kwenye nyonga zilizolika kama zile, ndiyo dalili ya kuogopa. Katika nchi nyingi unga wa maumivu unaouzwa kama miti shamba umekutwa umechanganywa na steroidi au diklofenaki, dawa kali za hospitali za kupunguza uvimbe na maumivu. Diklofenaki ya watu humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na ukiichanganya na meloksikamu hatari inazidi. Nilimwomba asimpe tena, na akakubali bila kubishana.

Manjano yalikuwa kijiko kimoja cha chai na pilipili manga kidogo. Mwarobaini ulikuwa maji ya kuogea mara moja kwa wiki, na kikombe cha kunywa Jumapili.

Matibabu yenyewe nitayapita haraka. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu ya saumu ikishaingia kwenye damu. Unaikata, unampa mnyama maji ya mshipa ili figo zisizibwe na himoglobini inayomwagika, unamtuliza, unahesabu. Figo zilipimwa zikawa sawa, na kipimo cha haraka cha ehrlichia, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, kilikuwa hasi. Nilikuwa nimemwandaa mbwa mwingine mkubwa wa kumtolea damu endapo angeshuka chini ya 15. Hakushuka. Jumatatu iliyofuata alikuwa 18 na anakula. Siku ya 10 alikuwa 25. Baada ya wiki 5 alifika 38, na mkojo wake ulikuwa umerudi rangi yake siku nyingi.

Ila nyonga zilikuwa pale pale, na sasa Mwalimu alikuwa anaogopa kila kitu. Ndipo akanipa wazo ambalo mimi nisingelipata: nizungumze na mzee aliyempa mwarobaini, mtaalamu wa miti shamba kutoka upande wa Seme, ambaye Jumapili huja soko la Kibuye. Nilikwenda, na nakiri nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Mzee alinipa kigoda, akasikiliza kisa chote, kisha akasema saumu haikuwa yake. Yeye hampi mbwa kitunguu, na hata huyo mwarobaini alisema uwe wa kuogesha, kikombe cha Jumapili aliongeza Mwalimu mwenyewe. Dawa zake nyingi ni za ng'ombe na kuku. Kuku huwatilia shubiri kwenye maji ya kunywa. Ng'ombe wenye kupe huwapaka maji ya majani ya tefrosia, mmea uliotumiwa zamani kulewesha samaki, na huwafanyia kazi hiyo mbali na mto kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mbwa alisema mambo mawili tu: kumwosha na kumkanda. "Mbwa tumbo lake si la ng'ombe," aliniambia.

Nilirudi nikiwa nimebadilika mawazo kuhusu jambo moja. Siku zote nilikuwa nikiweka kila kisichotoka kwenye chupa ya kiwandani katika fungu moja, "mambo ya kienyeji", na Mwalimu naye alikuwa na fungu lake moja, "mambo ya asili", analoliamini lote. Kumbe kile kilichokaribia kumuua Rabuor hakikutoka kwa wazee wa Seme. Kilitoka jikoni, kwa ushauri wa mtu asiyejulikana kwenye simu. Kilichokuwa cha wazee kilikuwa kipole na kilijua mpaka wake. Tangu hapo sikubali tena kuulizwa "je, miti shamba ni nzuri kwa mbwa?" Namwomba mtu aniletee jani, anitajie kipimo, anionyeshe mnyama.

Mpango tulioutengeneza tuliuandika pamoja, yeye kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kwanza uzito, na hapo ndipo niliposhikilia zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, nusu yao wakilishwa robo pungufu ya wenzao. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Hakuna mzizi wala kidonge ninachokijua chenye ushahidi wa uzito huo. Ugali wa Rabuor ukakatwa kutoka sahani mbili hadi moja, ukajazwa na sukuma wiki na malenge yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu.

Omena zilibaki. Mafuta ya samaki ni kati ya vitu vichache vya ziada vilivyosaidia mbwa wenye viungo vibovu katika majaribio, ingawa vipimo vilivyotumika ni vikubwa kuliko omena za bakuli moja zinavyoweza kutoa. Nilimwambia hivyo waziwazi. Lakini ni chakula kizuri, kinachukua nafasi ya ugali, na Rabuor anakipenda. Omena za kukaushwa zinabeba mchanga, kwa hiyo zinaoshwa mara tatu kisha kuchemshwa.

Kukanda ndiko kulikonishangaza. Mwalimu anachovya leso kwenye maji ya moto, anaikamua, anajijaribu kwanza kwenye mkono wake, kisha anaiweka juu ya nyonga dakika 10 asubuhi na jioni. Baadaye anasugua misuli ya paja kwa kiganja, kutoka gotini kwenda juu, polepole. Nilipomwona akifanya mara ya kwanza, Rabuor alifumba macho na mguu uliokuwa umekakamaa ukalegea wenyewe. Wenzetu wa nchi nyingine wana vyumba vya kazi hiyo, na watu waliosomea. Hapa kila mwanamke aliyewahi kumhudumia mzazi mpya anaijua.

Kuogelea pia humfaa mbwa wa namna hii, maana maji humbeba. Mwalimu aliuliza kuhusu ufuo wa Dunga. Nilimkataza kabisa: kuna viboko, na gugu maji likisogea huoni kilicho chini yake. Tukakubaliana matembezi ya dakika 15 mara mbili kwa siku kwenye njia ya udongo, na jamvi kwenye sakafu yake ya vigae iliyokuwa ikimtelezesha kila akiinuka.

Manjano niliyaruhusu baada ya damu kurudi, nusu kijiko cha chai ndani ya chakula chenye mafuta kidogo. Ushahidi wake kwa mbwa ni mwembamba, na kwa kipimo hicho sikuona madhara. Pilipili manga niliiondoa. Inaongeza sana kiasi cha manjano kinachoingia mwilini, na inaweza kubadilisha pia jinsi mwili unavyoziondoa dawa nyingine, nami nilikuwa nataka kurudisha meloksikamu. Mwarobaini ulibaki wa kuogesha tu, ukisaidiana na dawa ya kupe ya dukani, wala haukuchukua nafasi yake. Kikombe cha Jumapili kilikwisha, kwa sababu majani hayo hushusha sukari ya damu. Kwa kuwa jirani wa Mwalimu ana paka wawili, nilimwonya pia kwamba mafuta ya mwarobaini yaliyokolea hayapakwi paka, na kwamba kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua.

Meloksikamu ilirudi wiki ya 6, Rabuor akiwa na kilo 28. Miligramu 0.1 kwa kilo, mara moja kwa siku, akiwa tayari ameshakula. Safari hii nilimwandikia Mwalimu dalili za kuachia palepale: kutapika, kukataa chakula, kinyesi cheusi kama lami. Hazikutokea. Baada ya mwezi tulipunguza, sasa anapewa siku za baridi na mvua, au akizidiwa.

Kuna mtu ataniuliza kilichosaidia ni kipi hasa, kukanda, uzito, manjano au meloksikamu. Vyote vilianza ndani ya majuma machache kwa mbwa mmoja, kwa hiyo kuvitenganisha hakuwezekani. Nikibanwa nitasema uzito kwanza, dawa ya pili, mikono ya Mwalimu ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyofanya mbili za kwanza zifuatwe kila siku bila kukosa.

Karatasi yangu ya mgonjwa sasa ina mstari unaouliza mnyama anapewa nini nyumbani, jikoni na shambani, na nauliza kwa mdomo pia, kabla sijagusa mnyama. Wiki ya kwanza tu mzee mmoja wa Kajulu alinitajia majani ya tumbaku aliyokuwa akimpaka mbuzi wake, na kijana mmoja akatoa mfukoni vidonge vya ibuprofen alivyokuwa akimpa mbwa wake tangu Ijumaa.

Rabuor ana kilo 27 sasa. Bado anachechemea asubuhi za mvua, na kipimo cha figo kinamngoja mwezi ujao. Mara ya mwisho alikuja kwa miguu kutoka mahali tuktuk ilipowashusha, akapanda ngazi mbili za mlango wangu mwenyewe, na Mwalimu nyuma yake ameshika kikapu, ndani yake kuna daftari na chupa ya dawa.